Tambo za mabondia: nani ananufaika, nani anaumia

Mwaka 2022 mabondia wawili wa Tanzania walipigwa kabla pambano halijafika mwisho, na nchi ikawapokea kwa namna mbili tofauti kabisa. Karim Mandonga alipigwa na Shaban Kaoneka baada ya kutamba mbele ya kila kipaza sauti kilichomfikia. Hassan Mwakinyo alisimamishwa raundi ya nne na Liam Smith mjini Liverpool, Septemba 3. Mandonga akazidi kupendwa. Mwakinyo akaandamwa, na maelezo yake kuhusu viatu vilivyombana yakageuzwa kichekesho mitandaoni.

Ukipima kwa ngumi peke yake, hukumu hiyo haieleweki. Smith aliwahi kuwa bingwa wa dunia wa WBO, moja ya taasisi zinazotoa mikanda ya ubingwa wa ngumi, na kupigwa naye mbele ya watu wake si aibu. Tena Mwakinyo ndiye yule aliyekwenda Birmingham Septemba 2018, Waingereza wakiwa hawamjui, akammaliza Sam Eggington raundi ya pili. Kilichowatofautisha hawa wawili ni mahojiano. Mandonga alikubali kipigo huku anacheka, akaahidi kurudi, akawapa watu jina jipya alilobuni kwa ngumi yake, la kupeleka kijiweni. Mwakinyo alijieleza kwa uzito kama mtu anayejitetea, na Watanzania waliokuwa wamembebesha matumaini ya taifa hawakutaka kusikia utetezi.

Kwa hiyo ninapowasikia wadau wa ngumi wakibishana kama tambo zinaukuza mchezo au zinaudhalilisha, naona swali ni pana kuliko linavyoulizwa. Mvuto wa bondia mbele ya kamera unampa pesa, unampa msamaha wa mashabiki, na mara nyingine unampa wapinzani asiostahili kukutana nao bado.

Tuanze na pesa, maana hapo watetezi wa tambo wana hoja nzito. Mchezaji wa Simba au Yanga hupata mshahara hata akikaa benchi. Bondia wa kulipwa hana klabu. Asipopigana halipwi, na hapigani mpaka promota aamini kwamba ukumbi utajaa na mdhamini atatoa chochote. Mabondia wa mapambano ya utangulizi, wale wanaopanda ulingoni viti bado vitupu, nao hulipwa kutokana na jina la mtu mmoja aliyevuta watu. Mandonga Mtu Kazi amewaleta kwenye ngumi akina mama na watoto ambao hawakuwahi kufuatilia pambano hata moja. Januari 2023 alikwenda Nairobi akamshinda Daniel Wanyonyi, na Sugunyo, jina aliloipa ngumi yake, likatajwa pande zote mbili za mpaka. Marudiano ya Machi Wanyonyi akashinda, na hata hivyo Wakenya waliendelea kumfurahia mgeni wao. Kiswahili chake kilivuka mpaka bila mkalimani, jambo ambalo Mwakinyo hakuwa nalo kule Uingereza.

Na ile si kazi rahisi. Tazama siku ya kupima uzito. Bondia amekaa siku kadhaa anajinyima chakula na maji ili afikie kilo za mkataba. Midomo imepauka, mashavu yameingia ndani. Anashuka kwenye mizani na kupewa chupa ya maji, na kabla hajaifungua vipaza sauti vimeshafika mdomoni. Hapo hapo anatakiwa achangamke, amchimbe mkwara mpinzani, awachekeshe waandishi. Wengi hawawezi. Anayeweza anafanya kazi ya ziada, na ni haki alipwe kwa kazi hiyo.

Wanaotetea tambo humalizia kwa kumtaja Muhammad Ali. Mfano ni sahihi, ila huwa hawaumalizi. Ali mwenyewe alisimulia kwamba alijifunza kujisifu kwa mcheza mieleka Gorgeous George, baada ya kuona watu wanavyolipa ili kumwona mtu wa majigambo akinyamazishwa. Mwaka 1974 alipofika Kinshasa kupigana na George Foreman, mdomo ulimshindia mji mzima. Foreman alishuka na mbwa aina ya German shepherd, na Wakongomani waliokumbuka mbwa wa polisi wa Kibelgiji wakamchukia tangu mwanzo. Kisha Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi Oktoba 30. Ali akautumia muda huo kuzungumza na watu, na siku ilipofika uwanja mzima ulikuwa unaimba "Ali bomaye", yaani "Ali, muue".

Lakini muulize Joe Frazier, mpinzani mkubwa wa Ali. Ali alipofungiwa kwa kukataa kwenda vitani Vietnam, Frazier alimsaidia kwa fedha na akamwombea arudishiwe leseni. Machi 8, 1971 walikutana ukumbi wa Madison Square Garden, New York, kila mmoja akiwa na uhakika wa dola milioni 2.5, na Frazier akashinda kwa pointi. Hata hivyo Ali aliwaaminisha watu kwamba Frazier ni kibaraka wa weupe, na kuelekea pambano lao la Manila mwaka 1975 akamwita sokwe, akawa anakipiga ngumi kisokwe cha mpira mbele ya waandishi. Waandishi walicheka. Frazier, mtoto wa wakulima maskini weusi wa South Carolina, hakuwa na maneno ya kujibu kwa kasi ile. Ali aliomba radhi hadharani mwaka 2001, zaidi ya miaka 25 baadaye. Mikwara ile iliuza tiketi, na Frazier naye alipata fungu lake, ila sikubali kwamba fungu lile lilitosha kulipia jina lake kuchafuliwa miongoni mwa watu weusi wenzake.

Madhara ya pili hayaonekani upesi, nami ndiyo ninayoyahofia zaidi. Mtu anayezungumza kwa mvuto huwafanya wanaomsikiliza wasahau kuutazama mwili wake. Mwaka 1977 daktari wa Ali, Ferdie Pacheco, aliondoka kambini baada ya pambano la Ali na Earnie Shavers, akiona bondia wake anaendelea kuumizwa bure. Oktoba 1980, akiwa na miaka 38, Ali alirudi ulingoni Las Vegas kukutana na Larry Holmes. Alikuwa amepungua uzito, kiwiliwili kikaonekana cha kijana, na maneno yalikuwa yale yale. Watu wakaamini. Holmes alimpiga raundi 10 mfululizo mpaka wasaidizi wa Ali kwenye kona wakasimamisha pambano. Mwaka 1984 madaktari wakathibitisha ugonjwa wa Parkinson.

Nchini kwetu hatari hii inaanzia kwenye kupanga mapambano. Bondia anayevuta watu huhitajika kila mwezi. Promota anamtaka Mtwara, mwingine Mwanza, mwingine Nairobi, na kila akipigwa mahojiano ya kesho yake yanachekesha hata zaidi, kwa hiyo kipigo chenyewe kinageuka biashara. Hapo ndipo ninapotofautiana na mashabiki wenzangu wanaosema "mwache, anatufurahisha". Anayetufurahisha akikaa kwenye kiti cha studio ana kichwa kile kile kinachopokea ngumi.

Sitaki mabondia wanyamaze. Foreman yule aliyenuna Kinshasa alirejea ulingoni mwaka 1987 akiwa mchungaji mwenye tabasamu, akatwaa tena ubingwa wa dunia mwaka 1994 akiwa na miaka 45, na uchangamfu wake mbele ya kamera ukauza majiko ya kuchomea nyama kiasi kwamba mwaka 1999 haki za jina lake zilinunuliwa kwa dola milioni 137.5. Ngumi hazikuwahi kumlipa hivyo. Mdomo unaweza kumtoa bondia ulingoni akiwa salama, mradi matangazo ya biashara yaanze kumlipa kabla ya mapambano kumchosha.

Ila tambo zisitumike kama kigezo cha kumpangia mtu mpinzani. Kigezo ni rekodi, mazoezi na vipimo vya daktari, na Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa ina mamlaka ya kukataa pambano hata kama tiketi zimeshauzwa. Sisi tunaoandika tuna sehemu yetu pia. Mkutano wa waandishi unaweza kupita wote tunaulizia jina la ngumi mpya, asipatikane hata mmoja wa kuuliza amepumzika siku ngapi tangu alipoangushwa, nani kamchagulia mpinzani huyu, na kichwa chake kimepimwa lini. Mandonga angeyajibu hayo kwa ucheshi ule ule, na watu wangekaa kumsikiliza mpaka mwisho.