Tunalia kwa sababu ya "department" yako

Jamani ngoja niwasimulie, mwaka umeshapita na sasa hivi naweza kucheka, mwanzoni nilikuwa nikikumbuka tu najifunika shuka mpaka kichwani.

Bosi wetu alipandishwa cheo akahamishwa, ikapangwa hafla ndogo ya kumuaga palepale ofisini, na kuna mgeni anakuja kutoka makao makuu ambaye Kiswahili hajui hata cha salamu. Kwa hiyo spichi iwe ya Kiingereza. Nani atasoma? Macho yote kwangu, eti kwa sababu mimi ndo huwa naongea sana kwenye mikutano. Kuongea sana na kujua Kiingereza ni vitu viwili tofauti kabisa lakini sifa zikanilevya, nikasema niachieni mimi.

Usiku nikakaa na daftari. Ugonjwa wangu wa siku zote ni nomino. Kiswahili hakina makuu, zuri unaibandika u mbele unapata uzuri, vivu uvivu, refu urefu, umemaliza unalala. Kiingereza wao kazi yote iko mkiani, na kila neno na mkia wake: move ni movement, decide ni decision, arrive ni arrival, kind ni kindness. Nilikuja kusoma baadaye kwamba ness ni ya kwao ya asili, hizi kina ment na ity na tion zimetoka kwenye Kifaransa na Kilatini, hasa baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuivamia Uingereza mwaka 1066. Yani mimi nimeaibika ofisini kwa sababu ya vita vya karibu miaka elfu iliyopita.

Basi nikajitungia utaratibu. Nachukua kitenzi au kivumishi, nachomeka mkia unaosikika vizuri, afu naangalia kamusi ya kwenye simu kama hilo neno lipo. Likiwepo, tiki. Maana yake sisomi, muda uko wapi.

La kwanza nilitaka kusema tunahuzunika kwa kuondoka kwako. Kuondoka ni depart. Improve inazaa improvement, kwa hiyo depart inazaa... department! Kamusi inasema lipo. Tiki. Neno lenyewe, yani idara, limeandikwa kwenye mlango wa ofisi yetu, nalipita kila asubuhi, na wala halikunishtua.

Likaja la kuwa na shughuli nyingi, busy. Happy inakuwa happiness, y inageuka i, hiyo sheria nilichapiwa fimbo mpaka ikaingia. Kwa hiyo busy ni business. Lipo. Tiki. (Kumbe ni busyness, y inabaki palepale ilipo, ili isigongane na business ya biashara. Mara moja maishani nafuata sheria, na yenyewe inanigeuka.)

Ukarimu: generous, nikakata ous, nikaweka ation, generation. Lipo. (Kumbe ni kizazi.) Unyenyekevu ndo ulinisumbua kidogo, humble haikusikika vizuri na mikia yangu, nikatafuta kwenye kamusi nikakuta mawili yamepangana, humiliation na humility. Nikachagua refu. Bosi anastahili neno refu.

Kesho yake nimechomekea vizuri, nimesimama, karatasi mkononi. Nikaanza: tunalia sote kwa sababu ya department yako. Mgeni akazungusha macho, akatuangalia mmoja mmoja kama anayehesabu hasara. Bosi akacheka, akadhani ni utani, na mimi kumuona anacheka nikazidi kupanda. Nikasema pamoja na business zako zote hapa ofisini, bado ulikuwa unapata muda wa kutusikiliza. Mgeni akaweka glasi chini taratibu, akamgeukia bosi. Bosi anatikisa kichwa haraka haraka kama mtu anayefukuza nzi. Nikashukuru kwa generation yake, bosi wa watu ana miaka hamsini na ushee akajiweka sawa kola. Afu nikamalizia kwa sauti ya juu na kugonga meza: asante kwa humiliation uliyotuonyesha kila siku. KILA SIKU, nikarudia na Kiswahili kwa msisitizo.

Kimyaaa. Afu wenzangu, wale ambao kama mimi hawakuelewa kitu, wakapiga makofi. Makofi ya nguvu, na vigelegele juu. Sasa jiweke kwenye nafasi ya mgeni: mfanyakazi anasema bosi alikuwa anatudhalilisha kila siku na kufanya biashara zake ofisini, na ofisi nzima inashangilia.

Mgeni na bosi wakaingia chumba cha pembeni, wakakaa humo kama robo saa. Mimi nje napokea pongezi, nikajua wananijadili nipewe cheo. Dada mmoja wa uhasibu ndo akanivuta kando, kaka, hivi unajua umesema nini? Akanionyesha kwenye simu. Udhalilishaji. Miguu ikaisha nguvu nikatafuta kiti.

Jioni nikaamua nimtumie bosi meseji ya kumuomba msamaha, na kwa kihoro nikaiandika kwa Kiingereza hichohicho, nijisafishe jina kwa lugha ileile iliyonichafua. Msamaha sasa ni nini? Forgive. Kichwa kikaniambia forgiveness, nikakataa kata kata, ness ni ya vivumishi bwana, kind kindness, dark darkness, forgive ni kitenzi, leo sidanganyiki. Kamusi hata sikuigusa, nilishaapa. Nikaandika naomba forgivement yako, nikatuma.

Nikasubiri. Tiki mbili. Zikawa za bluu. Anaandika... akaacha... anaandika tena. Afu likaja neno moja tu:

"Forgiveness."

Mpaka leo sijui kama nilisamehewa au nilisahihishwa.