Sikuvaa Sketi, Nilivaa Viatu vya Sketi

Nianze na lililo muhimu: sikuvaa sketi. Nilivaa viatu vya sketi, vile vya kutelezea, vyenye magurudumu manne mstari mmoja. Ile sauti ya dakika tatu ya kwamba nilivaa sketi, aliyoirusha Redio pamoja na picha kwenye magrupu yote ya Ngamiani, hapa Tanga, imekatwa pale panapomfaa yeye. Redio ni rafiki yangu tangu madrasa. Jina lake halisi nalisitiri, hisani ambayo yeye kwangu imemshinda.

Naandika kwa gumba la kulia tu, mkono wa kushoto umefungwa bandeji umekuwa kama andazi. Mkikuta herufi zimepinda, nyamazeni.

Kijiwe chetu cha kahawa mnakijua. Siku hiyo fundi baiskeli alikuwa na kifurushi cha intaneti, akawa anatuonyesha klipu za wanaume wanaokimbizana kwenye barafu kwa viatu vya kutelezea, mita 500. Uwanja wenyewe mdogo, mzunguko mmoja ni mita 111.12, wanauzunguka mara nne na nusu. Kwenye kona wanalala mpaka vidole vya mkono wa kushoto vinagusa chini. Mchina mmoja, Wu Dajing, mwaka 2018 kwenye Olimpiki ya Pyeongchang, Korea Kusini, alizimaliza kwa sekunde 39.584. Muda huo mimi bado napuliza kikombe.

Ila Wu Dajing hana kosa. Aliyeniponza ni Steven Bradbury wa Australia. Olimpiki ya Salt Lake City, Marekani, 2002, fainali ya mita 1,000. Watu watano, yeye wa mwisho, tena mwisho wa mbali, unaweza kudhani ametumwa dukani. Kona ya mwisho wale wanne wakakumbana, chini wote! Bradbury akapita wima, peke yake, akachukua dhahabu. Nusu fainali nayo alipita kwa mtindo huohuo wa wenzake kuanguka. Niliitazama hiyo klipu mara sita, kahawa ikapoa.

Nikasema, na Redio ndiye shahidi, "Jamani, hizi si mbio. Huu ni mchezo wa subira. Mimi huu nauweza."

Mngekuwa watu wazuri mngenikataza siku ileile. Badala yake fundi baiskeli akakumbuka ana jozi nne za viatu vya sketi alizozipata mtumbani, zinalala tu chini ya meza. Jozi nne, na sisi wajinga wanne. Mimi navaa 41, iliyonibakia ni 44. Nikajaza soksi mbili na ukurasa wa michezo wa gazeti. Ile breki ya mpira ya kisigino haikuwepo, ilikwisha hukohuko Ulaya kwa mtoto wa watu.

Jumapili alasiri tukaenda kwenye kile kiwanja cha sakafu wanachochezea vijana mpira wa kikapu. Kila kona tukapanga vifuu saba, maana hata wenyewe kule barafuni kona yao ina alama saba. Mstari wa kumalizia tukauchora kwa mkaa. Mizunguko minne na nusu. Mita ngapi, Mungu ndiye ajuaye. Redio akakataa kukimbia, akasema yeye ni refa. Nilipaswa kushtuka hapo. Refa gani anasafisha kamera ya simu kwa shati?

Hatua saba mbele ya mstari, pembeni kidogo, yupo mama anayeuza machungwa ya Muheza. Meza yake imepangwa mafungu ya matano matano, na yale yaliyomenywa yako kwenye beseni. Mmoja akauliza, "Tumwombe asogee?" Nikamjibu, "Ya nini? Sisi tunageuka kabla hatujamfikia."

Mtanisamehe, nimesimama kidogo nikanywe panadol.

Haya. Mzunguko wa kwanza, wa mwisho mimi. Wa pili, wa mwisho mimi, kwa mpango kamili. Nikainama kama nilivyowaona, magoti yamekunjwa, mkono mmoja mgongoni. Nikasikia *krii* ndogo huko nyuma. Suruali yenyewe ya kitambaa, fundi wangu aliishona kwa ajili ya Idi. Nikajifanya sijasikia. Watoto wa Barabara ya Kumi na Tano wamejaa ukutani wanaimba, "Babu! Babu!" Nina miaka thelathini na mbili.

Mzunguko wa nne ukaisha, kwenye ile nusu, kona ya mwisho, likatokea. Wallahi likatokea kama lilivyoandikwa. Aliyeongoza alikanyaga kifuu. Kifuu kikaruka, yeye akakaa chini kwa heshima zote. Wa pili akamparamia, wa tatu akawashika wote wawili kama anawasalimia kwa kuwakumbatia. Watu watatu wazima wakaenda na sakafu, viatu juu, na njia mbele yangu nyeupe pee. Moyoni nikasema: Alhamdulillahi, leo ni 2002.

Hapa sasa ndipo naomba mwende taratibu, maana mimi mwenyewe nilikwenda taratibu.

Ilibaki kona nusu. Nikakumbuka vidole. Nikalala upande, nikashusha mkono wa kushoto niguse chini. Jamani, wale kule wamevaa glavu zenye ncha ngumu, na wanagusa barafu, barafu inateleza. Mimi nimegusa saruji ya Tanga iliyoota jua tangu asubuhi. Haitelezi. Mkono ukabaki palepale, mimi nikaendelea na safari. Nikazunguka kama pia. Nikaona mnazi, nikaona Redio na simu yake, nikaona mnazi tena. Kwenye zunguko la pili mguu wa kulia ukawa mwepesi ghafla, nikadhani nimekatika. Kumbe kiatu kimechoka na mimi. Kikatoka na ukurasa wa michezo wake, kikanipita, nakiangalia hivi, kinakwenda wima, kimetulia, hakina haraka. Kikavuka mstari wa mkaa.

Kisha suruali ikasema neno lake lote. Si *krii* tena. Ilikuwa kama mtu anapasua jora la khaki dukani. Upepo wa bahari ukaingia mahali ambapo haujawahi kufika tangu nitahiriwe.

Nikavuka mstari kinyumenyume, mguu mmoja una magurudumu, mwingine una soksi mbili. Mama wa machungwa akasema, "We! We! We!" mara tatu, na ya tatu nilikuwa tayari mezani kwake. Meza ikainuka upande mmoja. Fungu la kwanza likaondoka, la pili likalifuata, halafu yote kwa pamoja yakashika barabara kama wanafunzi waliosikia kengele. Beseni nikaligeuza kofia. Nikajikuta chali, maji ya machungwa yananiingia puani, mguu wa kushoto uko juu hewani, magurudumu bado yanazunguka *zzzzz*, na uwanja mzima kimya kabisa unayasikiliza mpaka yakasimama.

Ndipo wakacheka.

Mama hakuniuliza kama nimeumia. Alihesabu machungwa kwanza. Halafu akaniangalia, akageuza uso upesi, akavua kanga ya begani akanirushia. "Jifunge mwanangu, hapa pana watoto." Nikajifunga. Kanga imeandikwa USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Sijui mama yule alijuaje habari za Bradbury.

Picha ya Redio ni ya hapo. Nimepigwa kwa nyuma, kanga kiunoni, kiatu kimoja. Kwa nyuma, nakiri, ni sketi.

Yaliyofuata ni zahanati, sindano ya pepopunda, na elfu kumi na tano za machungwa. Kijiweni bado wanabishana nani mshindi, kwa sababu kwenye mchezo wenyewe kinachoangaliwa ni ncha ya kiatu kufika mstarini. Fundi baiskeli anadai kiatu ni mali yake, kwa hiyo ameshinda yeye, na yeye ndiye aliyekuwa chini kabisa ya lile rundo.

Jana nikampigia simu mama wa mchumba wangu, kumjulia hali tu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Kimya. "Baba, nasikia siku hizi wavaa sketi?"

"Mama, ni viatu vya—"

"Haya, mwanangu. Tutazungumza na mjomba wake."

Kanga nimeifua, imekauka, imekunjwa. Naona haya kuirudisha mwenyewe. Kuna anayepita upande ule kesho? Asiwe Redio.