Usiiachie Super 8 ya zamani ikupimie mwanga

Katriji ya Super 8, ile filamu ya sinema ya milimita 8, ina futi 50 tu. Kwa fremu 18 kwa sekunde unapata dakika 3 na sekunde 20. Kwa fremu 24, dakika mbili na nusu, basi. Kwa bei ya filamu siku hizi, sielewi mtu anayeitia kwenye kamera ya miaka ya 1970, akaiweka "auto", akamwachia Mungu.

Nyingi ya kamera hizo zinatambua kasi mbili tu za filamu (yaani wepesi wake wa kuhisi mwanga), ASA 40 na 160, kwa kupapasa mkato ulio kwenye katriji. Ukiipa 200T (ASA 200, T ni filamu ya mwanga wa taa), inaisoma 160: mwanga unazidi kwa theluthi ya stopu, haina neno; stopu moja ni mwanga mara mbili. Ukiipa 500T, inaisoma 160 vilevile, na hapo umezidi stopu moja na theluthi mbili. Negativu itastahimili. Filamu ya slaidi kama Ektachrome haina msamaha huo. Ikizidi stopu moja tu, mawingu yameungua. Kwa hiyo katriji ya kwanza iwe ya negativu.

Kabla ya kununua filamu, fungua mlango, washa kipimo cha mwanga, elekeza lenzi kwenye ukuta wenye mwanga, kisha bonyeza kwa kidole pini ndogo zilizo pale inapokaa katriji. Sindano ya kipimo ikiruka, pini inafanya kazi. Pini nyingine huondoa filta ya rangi ya chungwa, ile inayoifaa filamu ya taa ikipigwa juani. Kamera isiyo na pini hiyo ina swichi ya jua na balbu, na hapa wengi huchanganyikiwa: ukiwa na 50D (filamu ya mwanga wa mchana, ASA 50) weka kwenye balbu, hata kama uko juani. Alama ya jua inaacha filta ndani. Picha inakuwa ya machungwa na unapoteza theluthi mbili za stopu.

Betri nayo. Vipimo vingi vilitegemea betri ya zebaki ya volti 1.35. Ukitia alkali ya 1.5, sindano inaweza kukudanganya.

Mimi natetea kipimo cha mkononi. Hata programu ya simu yatosha. Shata (kifunga mwanga) yenye uwazi wa nyuzi 150 kwa fremu 18 ni 1/43 ya sekunde, basi weka 1/40 na ASA ya filamu, pima, kisha weka tundu la lenzi kwa mkono kwenye namba ya f uliyopata, kama kamera inaruhusu. Ongeza theluthi ya stopu, kwa kuwa prizimu huiba mwanga kulisha kitafutio, kile kidirisha unachochungulia.

Jua la mchana kwa 50D hukupeleka f/16, yaani tundu dogo sana, na kwenye fremu ndogo hivyo picha inapoteza ukali. Filta ya ND 0.6, ya kijivu inayopunguza mwanga stopu mbili, inakurudisha f/8.

Usiiamini kaunta ya filamu, inaweza kuhesabu huku filamu imekwama. Fungua mlango upesi, weka alama ya kalamu kwenye filamu inayoonekana kwenye dirisha la katriji, rudisha, funga mlango, piga sekunde mbili, tazama tena. Alama ikiwa palepale, toa katriji, zungusha kidogo gurudumu lake kuelekea upande wa kukunja, uirudishe. Fremu chache zitaungua, si zaidi.