Masale pekee hayatoshi: maoni ya Mchaga aishiye Halle

Katika yote niliyoyakuta Ujerumani, ninalowaonea wivu zaidi ni daftari lao la ardhi, kitabu rasmi kinachoonyesha kila kipande ni cha nani. Na aliyenifanya nilitafakari jambo hilo kwa kina ni mtu aliyefariki 1743 hapa hapa Halle, mji ninaoishi: Johann Peter von Ludewig.

Alizaliwa 1668 Hohenhardt, karibu na Schwäbisch Hall, bila cheo chochote cha ukabaila. Alianza na theolojia Tübingen, akahamia Halle wakati chuo kikuu cha mji huu kikiwa bado kichanga, akazama katika historia na sheria. Mwaka 1697 alikwenda Uholanzi kufuatilia mazungumzo ya amani ya Ryswick, mahali ambapo mabalozi wa wafalme waligombea miji na majimbo. Mwaka 1705 alikuwa profesa wa sheria. Mwaka 1719 alipewa ukabaila, na baadaye akawa kansela wa chuo. Alikufa akiwa bwana wa mashamba ya Bendorf, Pretz na Gatterstädt. Zama hizo, mwenye shamba la namna hiyo mara nyingi alikuwa pia na mamlaka ya kuwahukumu wakulima walioishi ndani yake.

Hakupanda kwa upanga. Alipanda kwa hati. Alitumia miaka mingi kukusanya nyaraka kuukuu, na maelezo yake marefu juu ya Hati ya Dhahabu ya 1356, ile sheria ya namna ya kumchagua mfalme, ndiyo yaliyomjengea jina. Jeshi la Friedrich wa Pili, mfalme wa Prussia, lilipoingia jimbo la Silesia, lililokuwa chini ya Austria, Desemba 1740, Ludewig ndiye aliyeandika hoja za kisheria za kuonyesha kwamba nchi ile ni haki ya Prussia. Askari waliichukua ardhi, na karatasi zake zikaipa mmiliki.

Hapo ndipo moyo wangu unapogawanyika, kwa sababu ni Ludewig huyo huyo aliyekalia kiti cha mwenyekiti mwaka 1729 kijana wa Kiafrika aliposimama chuoni Halle kutetea hoja yake ya sheria. Kijana huyo ni Anton Wilhelm Amo, aliyezaliwa Axim, Ghana ya leo, akaletwa Ulaya na Waholanzi akiwa mtoto mdogo. Mada yake ilikuwa haki za Waafrika walioko Ulaya: wale walionunuliwa na Wakristo, je, sheria iliruhusu wawekwe utumwani kwa kiasi gani? Alikwenda mbali zaidi, akasema wafalme wa Afrika waliwahi kupewa hati za utawala na wakuu wa Roma. Yaani Amo naye alielewa mchezo wa mji huu: leta hati. Maandishi yenyewe hayajapatikana mpaka leo, ila habari zake zilichapishwa katika gazeti la Halle mwaka huo huo. Mimi Mwafrika ninayepita mitaa hiyo kila siku, nampa Ludewig heshima yake kwa kile kiti.

Sasa turudi kwenye wivu wangu. Rafiki yangu alinunua nyumba ya zamani kijijini nje ya mji, akaniomba nimsindikize kwa mwanasheria anayethibitisha mikataba. Sheria ya huku inamtaka mwanasheria huyo aisome hati yote kwa sauti mbele ya pande zote mbili. Akaisoma, kifungu kwa kifungu. Bibi aliyekuwa anauza alifuatilia kwa kidole kwenye nakala yake. Wakafika kwenye haki ya jirani kupitisha trekta nyuma ya ghala, haki iliyoandikwa katika daftari lile zamani na watu waliokwisha kufa. Rafiki yangu akauliza, akajibiwa, wakaendelea. Hakuna aliyepandisha sauti.

Kwetu Marangu, Kilimanjaro, mpaka ni masale. Ni mmea wenye heshima kubwa. Hata ukimkosea mtu, unampelekea jani la sale kuomba radhi. Lakini baba alipofariki, masale ya upande wa mfereji yalihama usiku, hatua kadhaa ndani ya migomba yetu. Mama alikaa mbele ya baraza la ardhi akiwa na mdomo wake tu. Wazee waliojua mpaka walikuwa wawili: mmoja hasikii tena, mwingine amehamia kwa mwanawe Dar. Yule mama aliyelima kihamba kile, shamba letu la migomba la ukoo, maisha yake yote akaulizwa, una ushahidi gani?

Swali hilo tuliwahi kuulizwa sote. Amri ya Wajerumani ya 1895 ilitangaza ardhi ya koloni lao la Afrika Mashariki kuwa mali ya taji, yaani ya dola lao, isipokuwa pale ambapo mtu, chifu au jamii ingethibitisha kwamba ni yake. Kuthibitisha kwa namna gani, kama makaburi ya babu zako hayahesabiki?

Najua kuna atakayesema karatasi nayo si kinga. Ni kweli. Mwaka 1945, katika ukanda wa Ujerumani uliokuwa chini ya Wasovieti, mashamba ya watu binafsi ya zaidi ya hekta 100 yalichukuliwa bila fidia, na eneo hili letu lilikuwamo. Nchi ilipoungana 1990 uamuzi ule haukutenguliwa. Lakini wale walikuwa mamwinyi waliopinduliwa na dola. Mama yangu alishindwa na jirani mwenye panga na usiku mmoja.

Na sisi sheria tunayo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakiruhusu kijiji kutoa hati ya hakimiliki ya kimila, na inampa mwanamke haki sawa na mwanamume. Tunasomesha watoto wawe mawakili wa kesi za watu wengine, huku kihamba cha ukoo hakina hata mstari mmoja wa maandishi. Inaniuma sana.

Desemba hii tukirudi wote kwa Krismasi, kabla mbege, pombe yetu ya ndizi, haijaanza kuzunguka, tuwaite majirani wa pande zote nne na viongozi wa kijiji, tuzunguke mpaka pamoja, upimwe. Jina la mama liandikwe, na majina ya dada zetu pia. Mimi nitalipia gharama.