Kompyuta Inaniuliza Mimi Ni Nani

Jamani, risiti ninayo. Kompyuta ile niliinunua Kariakoo kwa hela yangu, nikaipakata kwenye bajaji mpaka Tandika kama nimetoka kumchukua mzazi na kichanga. Umeme nalipia mimi, vumbi nafuta mimi. Halafu juzi naiambia iweke programu moja ndogo tu ya kupanga picha za pasipoti, inanijibu kwamba sina mamlaka ya kutosha. Mimi! Nikageuka nyuma kutazama labda kuna mtu mwingine kasimama.

Ngoja niwaeleze ukoo unaoishi ndani ya ile mashine. Fundi aliyeniuzia alifungua akaunti tatu. Ya kwanza inaitwa Fundi, hiyo ndiyo admini, yaani msimamizi. Ya pili Baba Zai, ndiyo mimi, mtumiaji wa kawaida. Ya tatu ya binti anayenisaidia dukani, naye mtumiaji wa kawaida. Yaani mwenye steshenari na binti aliyeanza kazi mwezi wa tatu wako cheo kimoja, na anayetutawala wote ni mtu wa Gongo la Mboto. Alinieleza siku ile kwamba ni usalama: virusi wakiingia kupitia akaunti ya kawaida, hawafiki mbali. Nikaona kasema la maana. Sikujua kwamba kwa macho ya kompyuta mimi na virusi tuko fungu moja.

Basi, mteja kakaa kwenye benchi, anataka picha nane za pasipoti, nyuma bluu. Nabofya setapu, lile faili la kuwekea programu. Inauliza: niweke kwa ajili ya watumiaji wote, au wewe tu? Mimi si mchoyo, nikachagua wote. Binti apate, na fundi siku akipita apate. Mstari wa kijani ukatembea vizuri, nikamwambia mteja "dakika mbili tu mama", ukasimama hapo hapo. Huna mamlaka ya kutosha kuweka programu hii kwa watumiaji wote. Kumbe ukarimu ndio ulioniponza. Kitu cha wote kinakwenda kwenye folda ya Program Files, na huko mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kusoma na kutumia, kuandika haruhusiwi. Ni kama sebuleni kwa wakwe: kaa, kunywa chai, lakini kochi usisogeze.

Nikampigia fundi. Akasema bofya kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Endesha kama msimamizi", weka nywila yangu. Akanitajia nywila: ina herufi kubwa, ina ndogo, ina alama ya dola, na katikati akakohoa, nikabaki sijui kikohozi nacho nikiandike au vipi.

Skrini ikaingia giza. Hilo giza lilikuja na Windows Vista mwaka 2007, na watu walilalamika mpaka Windows 7 ikapunguza maswali. Kwangu hayajapungua. "Unaruhusu programu hii ifanye mabadiliko kwenye kifaa chako?" Kama siruhusu, ningemaliza vocha kumsikiliza mtu akikohoa?

Safari hii niliingia na akili. Ilipouliza "wote au wewe tu", nikachagua mimi tu. Ikaenda mpaka mwisho, ikasema imekamilika, hongera. Nikarudi mbele nitafute alama yake. Hakuna. Kwenye menyu hakuna. Nikaendesha setapu upya vile vile kwa nywila ya fundi, ikasema programu tayari imewekwa. Imewekwa wapi, chooni?

Nikampigia tena fundi, akacheka mpaka nikaisogeza mbali simu. "Baba Zai, ulipoweka nywila yangu, aliyekuwa anaendesha setapu ni mimi, si wewe. Halafu ukachagua 'mimi tu'. Sasa mimi ndiyo mimi." Programu imeingia C:\Users\Fundi\AppData\Local, chumbani kwake kabisa, na Baba Zai haruhusiwi hata kuchungulia. Nimebeba kochi langu kichwani, nikampelekea mtu mpaka chumbani, nikatoka, mlango ukajifunga nyuma yangu.

Nikamwambia basi nipandishe cheo. Akanielekeza, akaunti yangu ikawa admini, nikatoka nikaingia upya. Jamani cheo ni kitu kingine. Hata kiti nilikikalia tofauti. Na kama ilivyo kwa mtu yeyote aliyepata cheo asubuhi, kazi ya kwanza ilikuwa ukaguzi. Kwa kuwa diski C imejaa picha za harusi za watu wasiokuja kuzichukua, programu zangu naweka kwenye folda moja ya diski D. Nikafungua folda ile, nikaenda kwenye usalama, nione nani ana ruhusa ya nini. Nikaona wasimamizi, sawa. Watumiaji, sawa. Chini yao kuna mtu anaitwa SYSTEM, ana udhibiti kamili.

Huyu nani? Sijamwajiri, sijawahi kumwona dukani, hajawahi kuchangia hata ya mchele. Nchi hii mwaka 2016 serikali ilisaka wafanyakazi hewa mpaka wakapatikana maelfu. Mimi nivumilie mmoja kwenye steshenari yenye futi kumi kwa nane? Nikamfuta. Akakataa kutoka, eti ruhusa zake amezirithi kutoka juu. Karithi! Kwa hiyo ana na wajomba. Nikazima urithi, nikamfuta tena, akaondoka. Nililala usingizi mzuri wa mwenye mali kwa dakika kama tatu, pale pale kwenye kiti.

Nikarudi kwenye setapu. Giza lile lile! Nikasema mbona mimi sasa ni admini? Fundi akaeleza, na hapa nilimwelewa kuliko siku zote: hata ukiwa admini, Windows ikikupokea inakupa vitambulisho viwili, kimoja cha raia na kimoja cha cheo. Siku nzima unatembea na cha raia. Cha cheo unapewa pale tu unapobofya Ndiyo gizani.

Nikabofya Ndiyo. Ikasema njia ya draivu Z haipo. Z ni folda ya kompyuta ya kaunta, fundi aliniunganishia, setapu zangu zote ndiko ziliko. (Kuna draivu, kuna draiva ya printa, na kuna dereva wa bajaji, tusichanganye, binti ananiona mshamba tayari.) Z naiona kwa macho yangu mawili! Kumbe anayeiona ni Baba Zai raia, maana ndiye aliyeunganishiwa. Baba Zai wa cheo hajawahi kuunganishiwa Z yoyote. Mtu mmoja, mashati mawili, na shati moja halijui mfukoni mwa lingine kuna nini. Nikanakili setapu kwenye flashi, flashi nikaichomeka, mashati yote mawili yakaiona.

Wakati huo mteja kasimama. "Baba, nafika hapo jirani mara moja, narudi." Wote wawili tulijua maana ya kurudi.

Nikachagua watumiaji wote, nikaelekeza D. Mstari ukaenda, ukafika karibu na mwisho, halafu ukaanza kurudi nyuma. Kweli kabisa, unarudi kinyumenyume kama daladala lililoona trafiki. Hitilafu 1603. Nikauliza 1603 ni nini, fundi akasema ni "imeshindikana vibaya". Hilo naliona, nataka sababu. Akasema sababu iko kwenye kumbukumbu ya setapu: endesha msiexec, amri ya kuwekea programu, ukiweka /l*v ili iandike kila hatua, faili ikitoka tafuta maneno "Return value 3", tatizo huwa mistari michache juu yake. Faili ikatoka ndefu kama sala ya mzee wetu kwenye harusi. Nikaituma WhatsApp. Kimya. Halafu simu ikaita.

"Baba Zai, umegusa ruhusa za ile folda ya D?"

"Nimetoa mtu mmoja tu."

"Nani?"

"SYSTEM."

Kimya kile sitakisahau. Nilisikia kwake jogoo anawika.

"Huyo," akasema polepole, kama mtu anayetoa habari za msiba, "ndiye anayeweka programu. Wewe unabofya tu. Kazi ya kubeba mafaili inafanywa na huduma ya Windows Installer, na huduma ile inafanya kazi kwa jina la SYSTEM. Umemfukuza fundi mjenzi halafu umekaa unasubiri nyumba." Akaniambia nisiguse kitu tena, kidole changu nikiweke mfukoni, anakuja Jumamosi.

Asubuhi yake nachelewa kidogo, nafika nakuta binti anapanga picha za pasipoti, nyuma bluu, safi kabisa. Programu ile ile. Nikamuuliza nani kakuwekea.

"Nimeweka mwenyewe bosi. Nimeibofya tu kawaida, ikauliza wote au mimi tu, nikasema mimi tu."

"Haikuomba nywila ya fundi?"

"Ya nini? Imeenda kwenye folda yangu."

Nikaenda kusafisha mashine ya fotokopi iliyokuwa safi.

Sasa programu ipo kwa fundi na ipo kwa binti. Kwa Baba Zai, mwenye risiti, haipo. Jana mchana binti kaenda kula, kaingia mteja wa picha nne, nikampigia nimuombe nywila yake niingie haraka haraka.

"Aa, bosi," akasema huku anatafuna, "si ulibandika karatasi mwenyewe ukutani? Nywila haziazimwi."