Ziara ya Habib na Mashangazi wa Njiani

Mkeo akikwambia, "Baba Rukia, mwaka huu twende Maulidi ya Amu, twende taratibu, tujipumzishe njiani," mwambie kwanza akuandikie kwenye karatasi majina ya mashangazi zake wote na miji wanayokaa. Wangu mie alinipa sababu ya dini. Na mtu akishakupa sababu ya dini utamjibu nini? Useme hutaki kumzuru Habib Swaleh? Majirani watakuonaje?

Na Maulidi ya Amu, ndiyo Lamu hiyo, si jambo la mchezo, hilo nakubali. Kila Mfungo Sita ukielekea kwisha, watu humiminika mtaa wa Langoni kwenye Msikiti wa Riyadha. Watoka Mombasa, watoka Tanga na Unguja, watoka Ngazija alikotoka Habib mwenyewe, na wengine wavuka bahari kutoka Arabuni. Habib alihamia Amu karne ya 19, akawasomesha watu ambao wakubwa wa mji hawakuwa na habari nao, akawatibu, akawapa watoto wao matwari. Alipofariki miaka ya 1930 aliacha mji unaojulikana dunia nzima kwa jina lake. Mtu kama huyo unamwendea, wala sina ugomvi. Ugomvi wangu ni wa njiani. Mombasa hadi Mokowe, unapopandia mashua ya Amu, ni kilomita 300 na ushei, basi likiondoka alfajiri jioni hujafika kwa sababu ya uvivu wako mwenyewe. Sisi tulizikata kilomita hizo kama watu tuliotumwa kuhesabu ukoo wa mke wangu nyumba kwa nyumba.

Malindi tu, tukashuka. Kuna shangazi, anakaa Shela. Niliposikia konda anaambiwa "Shela" nikashukuru Mungu, nikasema safari imekuwa fupi. Kumbe Malindi nao wana Shela yao, na Shela ya Amu bado iko mbele huko, inaningoja na shangazi wake.

Sasa niwaeleze kula kwa ukweni, maana wengine mnaoa karibu na kwenu hamjui. Sinia linawekwa: wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchuzi pembeni, na tambi za sukari zinakuangalia kutoka kwenye kawa. Ukila kidogo, umetukana. "Mbona waonja tu, mwanangu? Chakula hakikupendeza?" Ukila sana, watu watatazamana, watasema maskini, Mama Rukia hampikii mumewe. Kuna kipimo katikati hapo, na tangu nioe nakitafuta. Kisha shangazi akishakujaza tumbo hukujaza na mkono. Yule wa Malindi alitupa chupa ya achari ya embe, akaifunga kwa mfuko wa nailoni na kipande cha uzi. "Haimwagiki hii," akasema. Mama Rukia akaitia kwenye begi langu, kwa sababu lake lilikuwa na kanga za zawadi.

Mambrui kuna khaloo, dada wa mama yake. Kaburi la mnara la pale lina mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa ukutani tangu enzi na enzi, watu hufunga safari kulitazama. Mie nililitazama kupitia dirishani, nikiwa na sambusa mkononi, kwa sababu khaloo alisema kaburi haliondoki lakini sambusa zinapoa.

Garsen, Mungu aibariki Garsen, hatuna mtu. Nilinunua embe nikala peke yangu nimesimama, hakuna aliyeniuliza kama nimeshiba. Lakini mbele yake kuna vizuizi, na kwenye kizuizi abiria wote mnashuka, vitambulisho mkononi, mnapanga foleni juani. Si vibaya, usalama ni usalama, na barabara ile imeona mengi. Askari akamuuliza Mama Rukia, "Mwenda wapi?" Swali la maneno mawili. Akajibiwa shajara. Akaambiwa tunakwenda Maulidi, lakini kwanza kwa ammi wa Witu ambaye ni ndugu wa baba mmoja na yule aliyeoa Faza, yule mwenye mashua, si huyu mwingine. Foleni nzima nyuma yetu ilisikiliza. Kuna mzee mmoja alianza kuuliza maswali.

Witu sisemi kitu. Witu tulilala.

Mokowe ndipo bahari inapoanza na saa zinapokufa. Ukimuuliza nahodha anaondoka saa ngapi, anakwambia "ikijaa." Mashua ilikuwa na watu, magodoro, kreti za soda, mbuzi mmoja mwenye macho ya huzuni, na bado haijajaa. Nahodha ana macho yake ya kuhesabia, wewe huna. Pembeni kulikuwa na boti ya spidi, inavuka kwa dakika chache tu. Nikaitazama. Mama Rukia akaniona nikiitazama. "Haraka ya nini, Baba Rukia? Si tumekuja kupumzika?" Nikakaa karibu na mbuzi.

Amu ni mji mzuri, msinifahamu vibaya. Unesco waliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, na kwa hivyo huwezi hata kuomba kichochoro kipanuliwe. Magari hakuna ya kusema, kuna punda. Nami nilikuwa natembea zangu, nimeacha Usita wa Mui, njia kuu ya mji, nimeingia ndani kidogo, mara nyuma nasikia "Simile! Simile!" Nageuka, punda na mawe mgongoni. Nageuka mbele nikimbie, punda mwengine na magunia ya mchanga. Punda wa Amu hapishi mtu. Mtoto anayemwongoza hata hamwambii apishe, anakwambia wewe. Nikajibana kwenye mlango wa nakshi, tumbo ndani, pumzi ndani, na tumbo lenyewe lilikuwa na Malindi, Mambrui na Witu. Wale punda wakakutana mbele yangu wakasimama. Wakanusana. Yule mtoto na mwenziwe wakaanza kujuliana hali.

Mlango ukafunguliwa nyuma yangu, nikaingia kinyumenyume mpaka ukumbini kwa bi mkubwa mmoja. Hakushtuka. "Karibu, mwanangu, kaa." Kahawa ikaletwa, na halua. Mama Rukia alipofika kunitafuta wakaanza kuulizana: wewe wa nani, na yeye wa nani, na bibi yake je? Walikuwa hawajapata kuonana. Kikombe cha pili hakijesha, wakapatana. Bibi ya huyu na bibi ya yule walinyonya ziwa moja. Basi ikawa shangazi mwengine, ambaye hakuwamo hata kwenye hesabu, na kesho yake chakula cha mchana kwake.

Siku kubwa ikafika. Nikafungua begi nitoe kanzu niliyopigiwa pasi Mombasa, na ile achari isiyomwagika ilikuwa imemwagika, doa la manjano kifuani, mviringo, lina punje za haradali. Mama Rukia akalitazama. "Vaa tu. Wewe una kofia ya vito, watu watatazama kofia."

Nikaenda hivyo hivyo, mkono kifuani mwendo wote, watu wakidhani ni unyenyekevu.

Lakini pale Riyadha, usiku, nasema kweli. Vijana wa madrasa wamekaa safu mbili wameelekeana, matwari mikononi, wanapiga na kuyumba pamoja, wanainama kulia wanainuka, wanainama kushoto wanainuka, na sauti inatoka kifuani kwa umati mzima hadi nje mchangani ambako watu wamekaa kwenye mikeka kwa sababu ndani hapatoshi. Udi unafuka. Ukafika wakati wa kusimama, tukasimama sote, tukamsalia Mtume, na mtu akapita na mrashi anawanyunyizia watu marashi. Nikainua uso nipokee baraka. Zikaniingia jichoni. Jicho la kulia lilisimama maulidi, la kushoto lilikuwa linalia kivyake, na mzee wa jirani akanishika bega akasema, "Allah akukubalie, mwanangu," akidhani ni imani. Na labda nusu ilikuwa imani. Kesho yake alasiri tukaenda kwa zefe hadi makaburini, bendera mbele, watoto, wazee, fimbo za goma, na kwa muda mrefu sikusikia miguu inauma wala sikukumbuka doa.

Kisha likaja sinia la biriani la wageni.

Na wakati wa Maulidi kuna mashindano: mashua, kuogelea, bao, na mbio za punda hapo pwani mbele ya mji. Nikaenda kuzitazama kwa kinyongo maalumu. Mabwana, punda walewale! Wanaotembea kama wamelipwa kwa saa, wanaosimama kichochoroni kunusana, walipita mbele yangu kwa kasi mpaka mchanga ukanirukia. Kumbe kasi wanayo. Wanajua tu ni siku gani waitumie na mbele ya nani.

Mie nilidhani ndiyo basi, tumezuru, turudi. Mama Rukia akasema kufika Amu na usifike Shela ni aibu. Shela ni mwendo wa kilomita kama 3 kwa kufuata pwani, na maji yakijaa pwani yenyewe inamezwa. Huko nikamkuta Mzungu amevaa kikoi, amekaa kwenye baraza hafanyi lolote. Akaniambia kwa Kiswahili chake kwamba amekuja kujifunza kwenda polepole. Nikamuuliza nyumba amepanga bei gani. Akanitajia. Jamani. Kwa pesa ile mie nitamletea mashangazi mpaka kwao, wampunguze kasi mpaka asimame kabisa.

Mjomba wa Shela, mzee mmoja mcheshi sana na mie siutaki ucheshi wake, akasema lazima twende Takwa. Takwa iko ng'ambo, kisiwa cha Manda, mji uliohamwa karne ya 17, umebaki magofu, msikiti wenye nguzo juu ya kibla, na kaburi la mnara. Watu wa Shela wana asili na pale, na hadi leo huenda kwenye kaburi hilo kuomba mvua. Kwa hiyo ikawa ziara juu ya ziara. Tukaingia kwa mashua kwenye mkono wa bahari, mikoko huku na huku, tukazuru, tukaomba dua, tukala (kulikuwa na kikapu, msiulize), na tulipogeuka kurudi bahari ilikuwa imeondoka. Imeondoka kabisa. Mashua imelala ubavu kwenye tope, kaa wanaizunguka wanaikagua.

Mjomba akacheka mpaka akakaa chini. "Nyinyi watu wa Mombasa hamjifunzi!" Maana wazee wa Amu wana kisa chao hawachoki nacho, cha vita vya Shela, yapata mwaka 1812. Wamombasa na Wapate walikuja na vyombo vyao kuipiga Amu, wakashindwa, wakakimbilia pwani wajipakie warudi makwao, wakakuta maji yamekupwa na vyombo vimekaa mchangani. Walimalizwa hapo hapo. Zaidi ya miaka 200, na mjomba anasimulia kana kwamba mie ndiye niliyefunga nanga. Tulikaa kwenye tope lile hadi usiku. Mbu wa mikoko hawana habari kwamba umetoka kuzuru.

Na wakati nimefura kwa mbu, ndipo Mama Rukia akaona ni wakati mwema wa kunitajia Pate. Pate kisiwa, si mji peke yake. Shangazi mmoja Pate kwenyewe, wawili Siyu, ammi wa Faza mwenye mashua (huyo ambaye askari alishaelezwa habari zake), na Kizingitini kuna bi mkubwa aliyemlea mama yake. "Ni hapo tu," akasema, akinyoosha kidole gizani.

Siku ya pili tuko gatini Amu, tunakwenda Mtangawanda, gati la kisiwa cha Pate. Mashua hiyo inapita Mkanda, kati ya Manda na bara, na maji yakipwa Mkanda hupiti, kwa hivyo safari hii mie ndiye niliyekuwa mwalimu wa maji. Nikamsimamia nahodha: yamejaa? Yamejaa. Watu wametimia? Wametimia. Twende basi! Akawasha injini. Kamba ikafunguliwa. Nikasema alhamdulillah, leo nitafika mahali kwa wakati.

Nahodha, kupitisha muda tu, akamuuliza Mama Rukia pale Siyu anakwenda kwa nani. Akatajiwa.

Akazima injini.

"Kwa Bi Mwana? Huyo si mama yangu mdogo! Haraka ya nini basi? Baharia, funga kamba. Shemeji, nyumba yangu ni hii hapa nyuma ya gati. Shukeni kwanza mle."