Reli ya karanga: tuhifadhi nini?

Shuleni kwetu kengele ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mwembeni. Mwalimu wa zamu alikigonga kwa nondo, mlio ukafika hadi kwenye mikorosho. Miaka saba niliitikia mlio ule bila kuambiwa na mtu kwamba Mtwara iliwahi kuwa na treni.

Waingereza waliijenga kwa ajili ya mradi wao wa karanga wa Nachingwea, kwanza kutokea Mkwaya karibu na Lindi, kisha Mtwara. Mradi ukafa Januari 1951, hata gati la Mtwara halijakamilika. Treni ilisuasua kwa kukosa mzigo mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Leo reli mpya ya kwenda Mbamba Bay inapozungumzwa, wapo wanaotaka vijana wajitolee kutunza mabaki ya ile ya zamani. Wengine wanauliza: ya nini?

Swali lao si la kubeza. Reli ile haikuletwa kwa faida yetu. Isitoshe, kijana anayeamka saa kumi na moja kutafuta kibarua bandarini utamwambiaje akafyeke vichaka bure? Mfano unaotajwa sana ni Talyllyn, reli ndogo inayoanzia Tywyn, mji wa pwani kule Wales. Mwaka uleule wa 1951 watu wa kujitolea waliichukua, na mpaka leo wanaiendesha. Ila wao walirithi njia, vichwa vya treni na abiria wa kulipa nauli. Sisi tumerithi tuta.

Hata hivyo siwezi kukubali kwamba kilichojengwa na mkoloni ni cha mkoloni. Tuta lile lilibebwa kwa karai na mikono ya babu zetu. Na hapo jirani, Boma la Wajerumani la Mikindani lilikarabatiwa na shirika la hisani la Kiingereza, likafanywa hoteli. Limesimama kwa kuwa limepewa kazi.

Kinachonitia hofu zaidi ni sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Ya baadaye hungoja tamko la waziri. Bila tamko hilo, vijana watapaka chokaa Jumamosi, na Jumatatu mwenye kiwanja aje na tingatinga.

Kwa hiyo ningeanza na wazee. Aliyekuwa na miaka ishirini treni ya mwisho ilipoondoka sasa amepita themanini. Simu ya mkononi inatosha kumrekodi, na apelekwe palepale alipopakia magunia, maana mahali humkumbusha mtu mengi kuliko maswali. Wakati huohuo halmashauri ipime tuta na kuomba tamko la waziri, kabla wapimaji wa reli mpya hawajaweka vigingi vyao.